Daftari la Wasiochezwa

Dadu letu la nyuso ishirini
lilitumbukia mferejini Langoni, usiku wa Alhamisi,
Lali akitaka kujua kama joka limemsikia.
Halikupatikana. Na joka, hadi leo,
hatujui kama lilisikia.

Kisha Lali akapata kazi Doha,
Shekuwe akaoa, Karisa akahamishiwa Garsen na benki yake,
nami nikabaki na ufunguo wa duka la fotokopi,
meza ya plastiki yenye doa la ukwaju,
na daftari la kurasa tisini na sita.

Miaka miwili niliwachezea mganga tu.
Kila kundi lahitaji mganga, walisema,
na kila mtu keshajitwalia upanga.
Mganga wangu, Mwana Hidaya, alikufa kwa namba moja:
dadu lilizunguka, likasita, likalala,
Lali akasema taratibu, "Pole. Daraja limekatika."
Nilikwenda uani nikalia. Niliporudi nikasingizia udi.

Tangu siku ile naandika, sichezi.

Yumo mwanamke aliyeweka jina lake rehani kwa jini la kisima;
hata mamake humwita "We!"
na mtaa mzima hugeuka.
Yumo mkusanya kodi wa majini, anaogopa paka,
na anatakiwa kufanya kazi Lamu.
Yumo pacha aliyezaliwa miaka arobaini baada ya mwenziwe.
Yumo joka mstaafu, karani wa ofisi ya ardhi,
hulalia hatimiliki badala ya dhahabu
(huyu, Karisa alisema, si wa kubuni).
Ukurasa wa sitini na moja nimeandika tu: *mkono wa kushoto?*
Sikumbuki nilimaanisha nini.

Na yumo Mlango.
Wa mbambakofi, wa nyumba moja Mkomani,
aliyesikia bei yake ikitajwa kwa yuro
akajing'oa usiku, akashika njia,
ubao mmoja mbele, mmoja nyuma,
kama mtu aliyevaa viatu vipya.
Nguvu: kumi na nane. Hekima: bado.
Husema kwa vina. Nilimpa mishororo miwili:

*Sifunguki kwa funguo, wala kwa shoka sikatwi,*
*hunifungua kilio, cha mdaiwa, hapatwi.*

Wa tatu haukuja, sikuulazimisha.
Asiyechezwa hafi, nilijiambia.
Daftari halina daraja la kukatika.

Juzi akaja Mwanajabu wa Matondoni,
cheti cha talaka, nakala tatu.
Adhuhuri akarudi.
"Karani wa kadhi kanirudishia hii. Asema haihusiki."
Ukurasa wa Mlango,
kona ya juu umeshagongwa muhuri: IMEPOKELEWA.

Nikaomba radhi, nikanyoosha mkono. Hakunipa.
"Aliishia wapi?"
"Hakuanza. Hakuna aliyemcheza."
"Mmemweka tu?"
"Nimemweka."
Akaitazama mashine ikipoa.
Soda hakutaka. Akavuta kiti, akachukua kalamu ya duka,
ile iliyofungwa kwa uzi isiibwe,
akaandika chini ya maandishi yangu, kwa herufi za darasa la nne:

*Hata alouza nguo, akija kwangu hatetwi.*

"Wa nne sina," akasema.
Akahesabu mizani kwa vidole, midomo ikimcheza.
Imetimia. Nilikwisha hesabu kabla yake.

Dadu hatuna. Nikakata risiti za mwaka juzi
vipande ishirini, nikavitia namba,
nikavimimina kwenye kopo la maziwa ya unga.
Mteja mmoja aliyetaka picha za pasipoti
nikamwambia arudi baada ya Alasiri.

"Uko mbele ya lango la mji," nikaanza,
na sauti iliyotoka ilikuwa ya Lali kidogo.
"Walinzi wawili. Mmoja anakutambua,
aliwahi kulala nyuma yako, mtoto, siku ya vita.
Mwingine ana shoka. Unafanyaje?"

Mwanajabu akautua mkoba sakafuni, talaka na yote.
Akafikiri muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri Shekuwe.

"Mimi si mlango?" akasema.
"Nabisha hodi."

Na mkono wake ukaingia koponi.